Tari la Sita

Siku tisa kabla ya Maulidi
Bulaimu alikwenda kumnunua yule mbuzi mwekundu
aliyekula maharage ya Hajati Nuliati misimu miwili,
akafungwa, akakata kamba, akarudi palepale.
"Mchukue," alisema Hajati, "bei nitakupunguzia,
ila paja uniletee."
Hivyo ndivyo tari la sita lilivyoanza:
kwa kesi ya maharage.

Ngozi aliiwamba nyuma ya nyumba, hapa Kibibi,
manyoya akayalowesha kwa majivu, akayakwangua
kwa kigae cha chupa, si kwa kisu.
Kisu kina haraka, husema, chupa ina adabu.
Duara la mti wa msizi alilikunja juu ya mvuke
wa sufuria yangu ya matoke. Hakuniomba.

Karibu na ubavu akakuta kovu,
refu kama kidole changu cha shahada,
pale seng'enge ya Hajati ilipomshika mbuzi
na mbuzi asishikike.
Fundi mwingine angeitupa ngozi ile.
Yeye aliipigapiga kwa ukucha,
akainamisha sikio la kulia, lile linalosikia.
"Inasema," akanena. Basi.

Mimi nilikuwa na kanzu kumi na mbili za wapigaji
na uzi wa rangi ya damu ya mzee.
Omulela tunauita: nakshi inayozunguka shingo
ikashuka kifuani, tundu kwa tundu, kwa mkono.
Mama alinifundisha nishone nikiwa nimeshiba;
njaa, alisema, huvuta uzi,
na kanzu iliyovutwa humkaba msomaji
katikati ya sifa za Mtume.
Mwaka ule wa ukame nilishona hivyohivyo.
Sheikh Abdunuru akakohoa usiku kucha
nami nikatazama chini.

Usiku wa kuamkia sherehe, mvua.
Matari yote yakalegea kama chapati iliyofunikwa.
Vijana wakawasha migomba mikavu nyuma ya jiko la pilau,
wakayazungusha motoni, wakayabembeleza kwa viganja,
yakapanda moja baada ya jingine
mpaka yakaanza kuitana.
Moja lilikataa hadi karibu na alfajiri.
Mnajua ni lipi.

Asubuhi safu ikasimama mbele ya msikiti,
ikainama kulia, ikainama kushoto,
mistari kumi na miwili ya damu ya mzee
ikiyumba kama mstari mmoja.
Mmoja umepinda. Niliushona umeme ulipokatika.
Kutoka hema la wanawake sikuona kingine.

Kipaza sauti kikawashukuru waliotoa ng'ombe,
waliotoa mchele, mahema, jenereta,
na mheshimiwa fulani kwa masufuria.
Nilinuna kidogo.
Sitadanganya siku ya Mtume.

Kisha kisomo kikafika pale pa kusimama,
matari yakashuka, yakabaki yakinong'ona,
na chini ya yote likasikika lile la sita,
zito, lenye mkwaruzo,
kama mtu aliyelia jana na leo anasalimia.
Hajati Nuliati akaniegemea.
"Mbuzi yule," akasema, "hata kufa hakukumnyamazisha."
Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio,
akaniuliza kama nakumbuka lile paja.
"Nililileta mwenyewe, Hajati."
"Lilikuwa gumu," akasema,
mguu wake ukifuata mdundo chini ya mkeka.

Ng'ambo ya uwanja, nyuma kabisa,
Bulaimu alikuwa ameketi juu ya dumu la maji.
Amevaa kanzu ya kumi na tatu,
ile niliyoishiwa usiku kabla sijaimaliza:
nakshi imefika nusu ya kifua
na uzi unaning'inia, sindano ingali ndani yake.
Ameelekeza sikio la kulia kwenye safu.
Nami namwomba Mungu, kati ya dua zote,
asije akageuka ghafla
akajichoma.